Je, Wajua? Kunakili Video Kwenye Diski Hakutoshi Kuifanya DVD

Je, wajua kwamba video ya harusi inaweza kunakiliwa kwenye diski, ikacheza bila tatizo kwenye kompyuta, lakini deki ya sebuleni ikaikataa kabisa? Diski ni nzima. Kasoro iko kwenye mpangilio wa data.

Kanuni za DVD zilitungwa katikati ya miaka ya 1990, na deki nyingi za zamani hazijui nyingine: picha lazima ibanwe kwa mfumo wa MPEG-2, au MPEG-1 uliotangulia. Simu nyingi hurekodi kwa H.264, mfumo uliokuja mwaka 2003. Ndiyo maana programu kama DVDStyler, ambayo ni ya bure, hulazimika kuisimba video upya yote. Hapo ukali hupungua sana: nukta 1920 kwa 1080 hushushwa hadi 720 kwa 576, kipimo cha PAL, mfumo wa televisheni za Kenya na Tanzania enzi za analogi.

Kisha hutengenezwa folda iitwayo VIDEO_TS. Ifungue uone: mafaili ya IFO huielekeza deki ianzie wapi, na ya VOB, yasiyozidi GB 1 kila moja, hubeba picha na sauti.

Diski ya kawaida ya GB 4.7 huchukua takriban saa mbili kwa ubora mzuri. Ukilazimisha saa nne, picha huvunjika vipande vipande, hasa watu wanapocheza muziki. Na faili la awali usilifute kamwe, kwani ukali uliopotea haurudishwi kutoka kwenye DVD.