Ukitaka kupiga tarumbeta, ihurumie midomo yako

Je, msomaji, umewahi kusimama kando ya barabara Jumapili asubuhi bendi ya Jeshi la Wokovu ikipita, ukatamani kwamba ungekuwa wewe uliyeshika tarumbeta? Basi hauko peke yako. Wapo makarani, walimu na wanafunzi humu jijini ambao huipuliza ala hiyo jioni baada ya shughuli za mchana, bila kutarajia hata senti. Mimi ni mmoja wao, na kosa nililofanya ndilo linalonifanya nikuandikie leo.

Wengi hudhani tarumbeta ni ya watu wenye vifua vipana. La hasha! Bomba lake, hata likinyooshwa lote, halifiki mita moja na nusu. Kinachotoa sauti hasa ni midomo yako, ambayo hutetema ndani ya kikombe kidogo cha kipulizio. Ndiyo maana, bila kubonyeza hata vali moja kati ya zile tatu, unaweza kupata sauti kadhaa kwa kukaza na kulegeza midomo tu. Vali kazi yake ni kurefusha njia ya hewa, ili upate zile sauti zilizosalia katikati.

Hapo ndipo penye mtego. Anayejifunza akiitafuta sauti ya juu na midomo imechoka, huigandamiza ala usoni kwa nguvu za mkono. Sauti hutoka, naye hufurahi. Kumbe anaizuia damu isipite vizuri, na midomo inazidi kuchoka.

Binamu yangu alipokuwa akioa, niliombwa nimpigie wimbo mmoja maharusi wakiingia. Nilikuwa nimezoea dakika 20 kwa siku. Kwa kiherehere, wiki hiyo nikapiga saa tatu kila jioni. Kufikia Ijumaa, mdomo wa juu ulikuwa umevimba mithili ya mtu aliyeumwa na nyuki. Siku yenyewe nilitoa sauti mbili, ya tatu ikawa upepo mtupu. Shangazi yangu, Mungu ambariki, alianzisha wimbo, akina mama wakaupokea kwa vigelegele, nami nikabaki nimeikumbatia shaba yangu kama mpagazi. Nilikaa karibu mwezi mzima bila kupuliza.

Hata mabingwa yamewapata. Louis Armstrong wa Marekani aliiumiza midomo yake hivi kwamba mwaka wa 1934 alilazimika kupumzika miezi kadhaa jijini Paris. Baadaye madaktari walilipa jeraha la kuchanika kwa msuli unaoizunguka midomo jina lake la utani, Satchmo.

Kwa hivyo, anza na sauti ndefu za chini, tena polepole. Vuta pumzi hadi tumboni, mabega yakitulia. Muda uliopiga na uwe sawa na muda utakaopumzika. Ukiwa na mwenzako, pokezaneni. Na kile kipete cha kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, usikitie kidole wakati wa mazoezi, kwani ndicho kinachokushawishi kuivuta ala kuelekea usoni. Mimi nilikataa kuliamini hili hadi nilipojaribu.

Majirani je? Katika nyumba zetu za kupanga, ukuta mmoja hutumiwa na familia mbili. Nunua kizibo cha mazoezi, au fungua kabati na upigie ndani ya nguo zilizotundikwa, kwani nguo humeza sauti vizuri ajabu. Lakini kwanza bisha hodi uulize mtoto wa jirani hulala saa ngapi.

Ukinunua iliyotumika, hakikisha vali zinashuka na kupanda bila kukwama. Zipake mafuta yake maalum, wala si ya kupikia (nimeyaona kwa macho yangu!), na kipulizio ukioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni.

Sasa mdogo wake binamu yangu naye anaoa Desemba, na nimeombwa tena. Nimeanza mazoezi miezi mitatu mapema, dakika 20 kwa siku. Shangazi ameniambia kwamba, hata hivyo, wimbo wake ameuweka tayari.