Miaka Miwili ya Mwanzo: Fedha za Askari Kijana katika Jeshi la Marekani

Askari kijana anayeanza kazi katika jeshi la Marekani huwa na nafasi ambayo vijana wengi wa rika lake hawaipati, kwa kuwa serikali humpa kitanda katika bweni la kambi, humlisha katika mesi na humtibu bila malipo, kisha humlipa mshahara tarehe 1 na tarehe 15 ya kila mwezi. Mnamo Aprili 2025 mshahara wa msingi wa cheo cha chini kabisa, kinachoitwa E-1, ulifikia dola 2,319 kwa mwezi kwa askari aliyemaliza miezi 4 kazini. Kwa mpangaji mwenye familia kiasi hicho ni kidogo, lakini kwa kijana asiyelipa kodi ya nyumba wala umeme ni fedha ambazo sehemu kubwa yake iko huru, na huenda asipate tena uhuru wa namna hiyo akishaoa na kuhama kambini. Jambo hili linawahusu pia wasemaji wa Kiswahili, kwani wahamiaji wenye ukaazi wa kudumu huruhusiwa kujiunga, na katika mpango wa MAVNI ulioidhinishwa mwaka 2008, ambao ulitafuta wageni wenye ujuzi wa lugha adimu, Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizohitajika.

Hati ya kwanza ambayo askari huyo anapaswa kujifunza kuisoma ni taarifa ya mshahara, ambayo hutenganisha stahili, yaani mshahara na posho, na makato ya lazima, kisha huonyesha migawo, yaani fedha ambazo askari mwenyewe ameagiza zikatwe juu kwa juu na kupelekwa mahali pengine. Katika taarifa hiyo ndimo akiba yake ya uzeeni inamoonekana. Kwa wote walioingia jeshini tangu tarehe 1 Januari 2018, pensheni kamili baada ya miaka 20 ni asilimia 40 ya wastani wa mshahara wa msingi wa miezi 36 iliyolipwa vizuri zaidi, wakati mfumo wa zamani ulitoa asilimia 50. Pengo hilo hufidiwa kupitia TSP, mfuko wa akiba wa watumishi wa serikali kuu, ambamo kuruta huandikishwa moja kwa moja kwa asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Serikali huongeza asilimia 1 baada ya siku 60 za utumishi, na askari akishatimiza miaka 2 huongeza hadi asilimia 4 nyingine, mradi yeye mwenyewe aendelee kuchangia asilimia 5. Anayesimamisha mchango ili apate dola 116 zaidi mkononi huenda akasahau kuurejesha, na hivyo hupoteza nyongeza ya mwajiri wakati ule ule inapoanza kuwa kubwa. Hasara hiyo ni nzito, kwa kuwa wengi huondoka jeshini kabla ya miaka 20, na fedha za mfuko huu ndizo pekee za uzeeni watakazotoka nazo.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote, hata hivyo, imeegeshwa nje ya lango la kambi. Sheria ya Mikopo kwa Wanajeshi ya mwaka 2006 iliweka kikomo cha asilimia 36 kwa mwaka, riba na ada nyingi zikijumlishwa, ili kuwazuia wakopeshaji wa muda mfupi waliokuwa wakiwatoza askari viwango vya kutisha, lakini sheria hiyo haihusu mkopo wa kununulia gari ambao dhamana yake ni gari lenyewe. Kijana asiye na historia ya mikopo, na mhamiaji mgeni mara nyingi hana, huweza kupewa gari la dola 30,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa miezi 72. Atalipa takriban dola 684 kila mwezi, karibu theluthi ya mshahara wake wa msingi kabla ya kodi, na mwishoni atakuwa ametoa zaidi ya dola 49,000. Gari lile lile kwa riba ya asilimia 7 lingemgharimu takriban dola 511 kwa mwezi. Muuzaji hupenda kuzungumzia malipo ya mwezi peke yake, ilhali swali la kuuliza ni jumla yote. Deni likishindikana madhara yake huvuka mfuko, kwa kuwa hali ya fedha ni miongoni mwa mambo yanayochunguzwa kabla askari hajapewa kibali cha kushughulikia siri za nchi, na bila kibali hicho kazi nyingi za jeshi hazifikiki.

Kwa madeni aliyokuja nayo kutoka uraiani, sheria ya mwaka 2003 inayowalinda wanajeshi hushusha riba hadi asilimia 6 wakati wa utumishi, ila ni lazima mwenyewe aombe kwa maandishi na kuambatisha nakala ya amri ya kuitwa kazini.

Kwa askari mwenye asili ya Afrika Mashariki kuna mzigo mwingine ambao vitabu vya ushauri vya Kimarekani haviutaji: karo ya wadogo zake, matibabu ya wazazi, michango ya harusi na misiba. Kumwambia asitume chochote ni kutomjua. Lililo bora ni kupanga kiasi kimoja kwa mwezi, kikatwe kama mgawo na kuwekwa katika akaunti ya pembeni, ili simu ya usiku ijibiwe kutoka fungu hilo na si kutoka akiba ya uzeeni wala kwa mkopo mpya.

Inabaki bima ya maisha, ambayo tangu Machi 2023 hufikia dola 500,000. Fedha hizo humwendea aliyeandikwa kwenye fomu, na Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1981 kwamba uchaguzi huo wa askari hutangulia hata amri ya mahakama ya jimbo iliyotolewa katika talaka. Kwa hiyo fomu iliyojazwa wiki ya kwanza ya mafunzo inafaa kupitiwa upya kila anapooa, anapoachana au anapopata mtoto, na jina la mzazi aliyeko Kisii au Mbeya liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chake.