Wimbo Uliotoka Wenje Haukumchagua Mtoto

Kila Jumatatu na Ijumaa asubuhi, bendera inapopandishwa katika shule zetu, watoto wa Kenya husimama wima na kuimba wimbo ambao chimbuko la mahadhi yake ni kando ya Mto Tana. Jambo hili hutajwa upesi madarasani, kisha likapitwa. Mwaka 1963, nchi ilipokuwa ikijiandaa kujitawala, wanamuziki watano, yaani Graham Hyslop, Peter Kibukosya, Washington Omondi, Thomas Kalume na George Senoga-Zake, walitwikwa kazi ya kuandaa wimbo wa taifa. Mahadhi waliyoyachagua hayakutoka katika gwaride la askari. Yalitoka katika wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto, na mzee anayetajwa kuwa ndiye aliyewapatia, Meza Galana, alikuwa mwanakijiji wa upande wa Wenje, kati ya Hola na Garsen.

Wimbo wa kubembeleza hauna mtihani wa kuingilia. Mama aliyeketi kivulini na mwanawe mapajani hampimi kwanza sauti ndipo amwimbie. Humwimbia aliyezaliwa haoni, akamwimbia mwenye mtindio wa ubongo ambaye atachelewa kutembea, na hata kiziwi humwimbia, maana mtoto huyo, akiwa ameegemea kifua cha mamake, huupokea mtetemo wa sauti kwa mwili wake. Basi nauliza, walimu wenzangu: ni kitu gani hutupata sisi, mtoto huyo huyo akifikishwa shuleni, hata tukaanza kuchagua nani aimbe na nani anyamaze?

Jibu mojawapo ni kombe. Sina nia ya kulibeza Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, na ambalo hadi leo huzipa shule maalumu nafasi ya kupanda jukwaani. Tatizo ni kwamba katika shule nyingi za mashambani hakuna muziki mwingine isipokuwa ule wa tamasha. Msimu ukikaribia, mwalimu hukusanya kwaya, huchuja, na waliochujwa hurudi darasani na kusubiri mwaka mwingine wa kuchujwa. Katika shule moja ambayo sitaitaja nilimsikia mwalimu akimwagiza mtoto wa darasa la pili asimame mstari wa nyuma na kuchezesha midomo tu, asitoe sauti. Mtoto alitii. Sidhani kama mwalimu yule aliona kwamba ametoa adhabu.

Mitaala nayo imechangia. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliuweka muziki darasani, lakini ulipoondolewa katika mtihani wa darasa la nane, walimu wengi waliuweka kando pamoja na ngoma zake. Mtaala wa umilisi, uliofika katika madarasa ya chini nchini kote mwaka 2019, umeurudisha kwa watoto wadogo miongoni mwa shughuli za ubunifu. Hatua hiyo ni njema, lakini ratiba peke yake haimfundishi mwalimu namna ya kumshirikisha mtoto asiyesikia.

Na namna ipo, wala haihitaji piano. Kayamba hutengenezwa kwa matete na mbegu, na vifaa hivyo havinunuliwi. Ngoma ikiwekwa juu ya benchi la mbao, mtoto kiziwi akaweka viganja vyake juu ya benchi hilo, atayajua mapigo na ataweza kuyarudia. Wanaodhani huo ni utani na wamtafute Evelyn Glennie wa Uskoti, mpigaji ngoma mashuhuri duniani, aliyepoteza sehemu kubwa ya usikivu wake tangu utotoni na ambaye aghalabu hupiga akiwa miguu mitupu ili auhisi mtetemo. Mtoto ambaye vidole vyake havikunjuki, funga njuga kifundoni mwake kwa kitambaa laini, kisha umpe zamu yake katika wimbo, zamu ya kweli ambayo bila yeye wimbo hauendelei. Mwenye kigugumizi mara nyingi huimba sentensi nzima bila kukwama, ingawa akiambiwa aisome atahangaika. Kwa hiyo mwanzishe kwa kuimba. Mwenye usonji huenda akaziba masikio ngoma ikilia ghafla. Asikemewe. Aonyeshwe mkono kabla ya pigo la kwanza, na awe na mahali pa kukaa mbali kidogo hadi atakaposogea mwenyewe.

Nyimbo za kuitikizana, ambazo pwani yote inazo, zinafaa kuliko kwaya ya sauti nne. Kiongozi huita, wengine huitikia kwa maneno yale yale machache, tena na tena. Marudio hayo, ambayo kwa mtu mzima ni ya kuchosha, ndiyo ngazi ya mtoto anayejifunza polepole. Akiikosa mara ya kwanza, wimbo humrudia kabla hajaaibika.

Huko Wenje na sehemu nyingine za Tana River kuna haja nyingine ambayo wataalamu wa elimu maalumu huisahau, nayo ni lugha. Mtoto wa Waorma huweza kuketi darasa moja na watoto wa Wapokomo bila kuelewa wanachocheka. Katika madarasa ya awali, huyo naye ni mwenye mahitaji yake. Mwalimu akifundisha wimbo mmoja wa kubembeleza kutoka kila upande, mtoto huyo kwa siku moja atakuwa ndiye mjuzi na wenzake ndio wanaojifunza. Katika eneo lililomwaga damu mwaka 2012 kati ya wakulima na wafugaji, sioni kwamba hilo ni jambo dogo.

Najua nitakachojibiwa. Mwalimu ana watoto sabini, hana msaidizi, na mafuriko ya Tana yakija, shule yenyewe hugeuka kimbilio. Yote hayo ni kweli. Lakini watoto sabini huitikia wimbo kwa urahisi zaidi kuliko wanavyofuata ubao, na dakika kumi za asubuhi zatosha. Kinachokosekana ni mafunzo. Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya imekuwapo tangu mwaka 1986, na vyuo vya ualimu vimo katika kaunti nyingi. Ningependa kila mwanafunzi wa ualimu atakayepelekwa madarasa ya chini ashike ngoma kwa mikono yake, mbele ya watoto wasiofanana, kabla hajatiwa sahihi cheti chake. Nao waandalizi wa tamasha wafikirie kundi la darasa zima, ambamo shule itapewa alama kwa kuwapandisha jukwaani watoto wote waliomo katika rejista, bila kumwacha hata mmoja nyuma ya pazia.