Ahadi Iliyoandikwa Ukutani

Uwajibikaji katika huduma za umma husimama juu ya mambo matatu: ahadi iliyo wazi, kipimo cha kazi iliyofanywa, na njia ya mwananchi kudai alichoahidiwa. Moja likikosekana, mawili yaliyobaki hayana nguvu.

Nchini Kenya, kandarasi za utendakazi, yaani mikataba ya malengo ya kazi, zilianza mwaka wa 2004 kwa mashirika 16 ya umma. Baadaye ofisi za serikali zilitakiwa pia kubandika mkataba wa huduma mahali pa wazi. Bango hilo hutaja huduma, mahitaji, ada na muda wa kungoja. Mzazi wa mtaa wa Jericho, Nairobi, anayekwenda Huduma Centre ya Makadara kutafuta cheti cha kuzaliwa anajua mapema alete nini na alipe kiasi gani. Akiitishwa zaidi ya ada hiyo, anatambua papo hapo kuwa ni hongo.

Kipimo ndicho kigumu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na ya kutosha, lakini katika mitaa ya Nairobi kama Umoja na Kayole maji huja kwa mgao. Siku ambayo mifereji imekauka, wapangaji wa ghorofa za juu hupandisha ngazi mitungi ya lita 20 waliyonunua kwa wachuuzi wa mikokoteni. Kampuni ya maji ikipimwa kwa urefu wa mabomba iliyolaza, yaweza kupata alama nzuri huku wakazi wakiendelea kununua maji. Kipimo cha haki ni saa ambazo maji yalitoka mferejini, yakilinganishwa na ratiba iliyotangazwa.

Kudai nako kuna sheria yake. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu raia kuiandikia ofisi ya umma, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kulipia ombi lenyewe. Asiyeweza kuandika lazima asaidiwe na afisa husika. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa maisha au uhuru wa mtu umo hatarini. Akinyimwa, raia ana siku 30 kuomba uamuzi huo uangaliwe upya na tume ya Ombudsman, inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma, iliyoundwa mwaka wa 2011.

Barua yenye tarehe, jina la mtaa na swali moja mahususi, pamoja na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, huiwekea ofisi siku ya mwisho ya kujibu. Malalamiko ya mdomo hayana tarehe hiyo, nayo husahaulika kwa urahisi.