Kijana, Kabla Hujakopa Trekta Hesabu Ekari Kwanza

Vuli inakaribia, na swali ninaloulizwa sana hapa Mugango siyo mbegu wala dawa za wadudu. Ni trekta. "Afisa, tukiunda kikundi, halmashauri itatukopesha?"

Inawezekana. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarudi 2024. Benki ya Maendeleo ya Kilimo (TADB) nayo inakopesha zana. Kwa hiyo hela ipo, ingawa foleni nayo ipo. Kinachonisumbua mimi ni hesabu ambayo vikundi vingi vinairuka.

Mnakumbuka Kilimo Kwanza, 2009? Pawatila zilisambazwa wilaya nyingi. Kwenye mabonde ya mpunga kama Mbarali zilikubali vizuri tu. Lakini injini ya nguvu za farasi 12 au 15, ukiipeleka kwenye ardhi kavu iliyoshikamana, inakwaruza juu juu. Huko nyingi ziliishia kuvuta tela la maji na matofali. Mashine haikuwa mbaya, udongo ndo haukuwa wake.

Sasa njoo kwetu. Mashamba mengi ni vipande vya ekari 1 au 2, mengine na mawe katikati. Trekta inatumia muda mwingi kugeuka na kuhama, na dizeli inaungua vilevile.

Tuseme unalima ekari 5 kwa siku (kwa vipande vyetu hiyo ni siku nzuri), msimu una siku 30 za kulima, na ekari moja ni shilingi 60,000. Hiyo ni milioni 9. Toa dizeli, dereva, spea, fundi, siku za mvua, na yule shemeji atakayelipa "akivuna." Kinachobaki ndicho cha kulipia mkopo. Halafu kuna miezi trekta imelala, rejesho halilali. Kama huna tela au mashine ya kupukuchua mahindi ya kuingiza hela miezi hiyo, subiri kwanza.

Kwa anayeanza, mimi bado nasema maksai. Mara tuna ng'ombe, na plau tunaijua toka kwa babu. Jozi iliyofundishwa vizuri inamaliza kama nusu ekari asubuhi moja. Tatizo tunaishia kwenye kulima tu, palizi tunarudi kwenye jembe la mkono, na hapo ndipo mahindi na alizeti vinapomezwa na magugu. Nunua jembe la palizi la kukokotwa na ng'ombe. Ila upande kwa mistari iliyonyooka, la sivyo litang'oa mazao yako mwenyewe.

Kikundi kinachotaka trekta bado, kije ofisini kwangu na orodha: majina ya watakaolimiwa, ekari za kila mmoja, umbali kutoka shamba hadi shamba. Ankara ya muuzaji tutaiangalia baada ya hapo.