Upepo Ulio Sawa Katika Mipira ya Pikipiki

Pikipiki hushikana na barabara mahali pawili tu, na kila mahali si pakubwa kuliko kiganja cha mkono wa mtu mzima. Breki ikikazwa, au pikipiki ikilala kidogo ili kupita kona, au mvua ikinyesha juu ya lami, uhai wa mwendeshaji na abiria wake hutegemea viganja hivyo viwili. Kinachoamua ukubwa wake na umbo lake ni upepo uliomo ndani ya mipira. Hata hivyo waendeshaji wengi, na hasa wale wa bodaboda ambao pikipiki ndiyo shamba lao, huupima upepo kwa kuubonyeza mpira kwa kidole gumba au kuupiga teke, kisha wakaenda zao. Mpira wenye ratili 20 na mwingine wenye ratili 30 huonekana sawasawa chini ya kidole, kwa kuwa ukuta wa mpira wenyewe ni mgumu. Kidole hutambua mpira uliokwisha kabisa, na hilo hata jicho hulitambua.

Yafaa kwanza kufahamu kazi ya upepo huo. John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekuwa akikaa Belfast, alipopata hati ya mpira wa upepo mwaka 1888, nia yake ilikuwa kumpunguzia mwanawe mtikisiko wa baiskeli ya magurudumu matatu. Watu wengi hudhani hata leo ya kuwa kazi ya upepo ni kuondoa mtikisiko tu. Lakini upepo ndio unaobeba mzigo. Mpira ni mfuko wa kuuzuia usitoroke. Mfano wake ni pikipiki ya cc 150 yenye mwendeshaji mmoja wa kilo 70. Gurudumu la nyuma huchukua kama kilo 105, yaani ratili 231. Ikiwa upepo ni ratili 28 kwa kila inchi ya mraba, mpira utajibana chini mpaka umegusa barabara kwa inchi za mraba 8 na robo, maana 28 mara 8 na robo ni 231. Akipanda abiria mwenye uzito kama wa mwendeshaji, gurudumu la nyuma huongezewa kama kilo 60, na mpira huo huo sasa hauna budi kujilaza mpaka inchi 13. Hesabu hii si kamili, kwa kuwa ugumu wa mpira nao husaidia kidogo, lakini yatosha kuonyesha kwa nini mpira uliokuwa mzuri asubuhi, mwendeshaji alipokuwa peke yake, huwa haufai tena abiria anapopanda.

Kwa sababu hiyo watengenezaji wa pikipiki hawatoi kipimo kimoja, bali hutoa vipimo kwa kadiri ya mzigo. Kwa pikipiki nyingi ndogo za cc 100 mpaka 150 zitokazo India, ambazo ndizo zilizojaa katika miji na vijiji vya Kenya, kitabu husema: gurudumu la mbele ratili 25; gurudumu la nyuma ratili 28 kwa mtu mmoja, na ratili 32 kwa watu wawili. Pikipiki nyingine zina vipimo vyake, na mwenye pikipiki yampasa kufuata kitabu chake mwenyewe, au kibandiko ambacho mara nyingi huwa karibu na mnyororo. Katika kipimo cha fundi, ratili kwa inchi ya mraba huandikwa kwa herufi PSI. Kitabu kikitaja kilo kwa sentimita ya mraba, kilo 2 ni sawa na ratili 28 na nusu hivi. Kikitaja bari, bari moja ni ratili 14 na nusu.

Kuna kosa moja ambalo hata mafundi hulifanya. Ubavuni mwa mpira huandikwa kiasi cha upepo, nao husoma pale wakajaza kiasi hicho. Namba ile si agizo la mwenye pikipiki. Ni ukomo: inasema mpira huu usijazwe kupita hapa, na ya kuwa ukijazwa kufika hapa waweza kubeba mzigo fulani usiozidi. Aliyetengeneza mpira hajui utafungwa katika pikipiki gani wala utabeba nani.

Mzigo wenyewe umeandikwa pale pale, ijapokuwa kwa fumbo. Mpira wa nyuma wenye alama 3.00-17 50P una upana wa inchi 3, nao hukaa katika rimu ya inchi 17. Ile 50 ni namba ya uzito, na maana yake ni kilo 190. Ile P ni mwendo, kilomita 150 kwa saa, jambo ambalo halimhusu mchukuzi wa mahindi. Lakini zile kilo 190 zamhusu sana. Gurudumu la nyuma lililokuwa na kilo 105 likifungiwa nyuma gunia la mahindi la kilo 90 hufika kilo 195, nazo zimekwisha kupita ukomo. Likiongezwa gunia la pili, au abiria akae juu ya gunia, hakuna upepo utakaouokoa mpira huo, hata ukijazwa mpaka ratili 40. Tena mzigo uliowekwa nyuma sana huliinua gurudumu la mbele, usukani ukawa mwepesi, na breki ya mbele, iliyo kubwa kuliko ya nyuma kwa nguvu, haipati pa kushika. Sheria ya barabara ya Kenya huruhusu abiria mmoja tu. Watu huiona kuwa ya kuwanyima riziki, lakini mpira nao una sheria hiyo hiyo, na mpira haupokei faini.

Upepo ukiwa haba, mpira hujikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka. Kujikunja huko huleta joto, na joto hulegeza nyuzi zilizofumwa ndani ya mpira mpaka ukuta ukapasuka. Pikipiki huyumba katika kona na petroli huliwa zaidi. Ikiingia katika shimo, mpira wa ndani hubanwa kati ya rimu na jiwe, nao hutoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba kama alama ya meno ya nyoka. Fundi akiyaona hayo ajue ya kuwa msumari hauna hatia. Lakini hatari iliyo mbaya kuliko zote haionekani upesi. Mpira wenye upepo mdogo haukazi juu ya rimu. Mwendeshaji akishika breki kwa nguvu, mpira wa nje huteleza juu ya rimu kidogo kidogo na kuuvuta mpira wa ndani pamoja nao, na vali, iliyopita katika tundu la rimu, hupinda. Vali iliyosimama wima juzi na leo imelala upande ni onyo. Siku itakapong'oka, upepo wote hutoka kwa mara moja, na pikipiki yenye abiria haitawaliki.

Upepo uliozidi nao una madhara yake, ingawa wengi huupenda kwa kuwa pikipiki hukimbia nyepesi. Mpira hugusa barabara kwa ukanda mwembamba wa katikati, na huko katikati huisha mapema hali pembeni kungali kupya. Katika barabara ya changarawe gurudumu hurukaruka badala ya kukanyaga, na katika lami yenye maji kiganja kile cha kushikia huwa kama kidole. Katika matope, wako wapunguzao upepo ili gurudumu lisiteleze. Huenda ikasaidia kwa mwendo wa pole na bila abiria, lakini hatari ni kusahau: mtu afikapo kwenye lami hukaza mwendo na ratili zake 15, na mambo yote yaliyosemwa juu ya upepo haba humngojea mbele.

Wakati wa kupima ni asubuhi kabla pikipiki haijaondoka, au baada ya kupumzika kwa muda wa saa tatu. Vipimo vyote vya kitabu ni vya mpira uliopoa. Joto likizidi kwa digrii 10, upepo hupanda kama ratili moja na nusu, na mpira uliotoka safari waweza kuonyesha ratili tatu au nne zaidi. Anayeupunguza wakati huo atakuta kesho yake umepungua kupita kiasi. Hata mwinuko wa nchi una neno lake. Hewa ya nje hukandamiza kwa ratili 14 na kitu huko Mombasa, lakini kwa ratili kama 12 tu Nairobi, na kipimo huonyesha tofauti kati ya ndani na nje. Hivyo mpira uliojazwa pwani na kupelekwa Nairobi kwa lori husoma zaidi, ila baridi ya huko huurudisha chini kwa sehemu. Ashukaye pwani huona kinyume chake. Jambo la busara ni kupima upya asubuhi ya kwanza.

Kipimo kidogo cha mfukoni si ghali kama mpira mmoja, na chafaa kulinganishwa mara moja moja na kile cha kituo cha petroli, maana vyote viwili hukosea. Upepo hupenya katika mpira polepole hata pasipo tundu, basi mara moja kwa juma si nyingi mno, na kwa bodaboda ni afadhali kila asubuhi. Vali ipanguswe vumbi kwanza, kipimo kikazwe sawasawa ili upepo usilie pembeni, kisha mate kidogo yatiwe juu ya tundu la vali: yakitoa povu, kile kisindano cha ndani kibadilishwe. Kifuniko kirudishwe mahali pake, kwa kuwa vumbi likiingia ndicho kisindano kinachovuja. Mwendeshaji wa bodaboda hana haja ya kubadili upepo kila abiria anaposhuka. Kwa kuwa kutwa nzima humpakia mtu, gurudumu lake la nyuma na lijazwe kile kipimo cha watu wawili tangu alfajiri, na siku anayokwenda mwenyewe mbali, bila mzigo, alipunguze kabla ya kuondoka.