Kazi ya Bure kwa Ahadi ya Kujulikana

Mpiga picha, mchoraji au mbunifu wa mabango anayejitegemea hukutana mapema na ombi la kufanya kazi bila malipo ili atangazwe. Mwombaji husema fungu ni dogo, lakini wageni watakuwa wengi, jina litawekwa Instagram na kazi nyingine zitafuata. Ahadi hiyo si uongo kila mara. Anayeanza hana kazi za kuonyesha, na hakuna anayemkabidhi harusi yake mtu ambaye hajawahi kuona picha zake. Kazi chache za bure, alizozichagua mwenyewe, humpa pa kuanzia.

Kosa ni kudhani kuwa kazi ya bure haina gharama. Sendofu moja jijini Dar es Salaam humchukua mpiga picha tangu saa kumi na mbili jioni, ukumbi ukiwa bado unapambwa, hadi usiku wa manane. Kama hana taa anakodi, na kwa sababu ya mizigo analipa Bajaji kwenda na kurudi. Kesho yake anakaa kwenye kompyuta kuchambua mamia ya picha, kurekebisha rangi ya nyuso zilizoharibiwa na taa za zambarau, kisha anamaliza bando akizituma. Mwenye sherehe huona saa zile za ukumbini tu. Tena usiku huohuo mpishi, mpambaji na mshereheshaji wamelipwa. Fedha ilikuwapo, ila bajeti ilipangwa bila kumhesabu mpiga picha, na kumwambia kwamba hakuna kitu ni kumdhulumu.

Swali la kupima ombi la namna hii ni nani hasa ataiona kazi. Maonyesho ya mavazi yanayohudhuriwa na wenye maduka na wahariri huweza kumpa mpiga picha wateja, kwa kuwa hao hununua picha. Wageni mia tatu wa sherehe wanaweza kuzisifia picha zake bila hata mmoja wao kuhitaji huduma hiyo mwaka huo. Na aliyehudumiwa bure humsimulia rafiki yake kwamba yupo kijana hatozi kitu, rafiki naye huja akitarajia hivyohivyo. Jina limeenea kweli, lakini limeenea pamoja na bei ya sifuri.

Wanaotetea malipo madogo ya mwanzo hupenda kutaja alama ya Nike. Carolyn Davidson, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Portland State nchini Marekani, aliichora mwaka 1971 kwa dola 35. Mwaka 1983 kampuni ilimpa pete na hisa. Kisa hicho kinathibitisha kinyume cha kinachodaiwa. Kwanza alilipwa, hata kama ni kidogo. Pili, nyongeza ilikuja baada ya miaka 12, kwa hiari ya kampuni. Mwenye kodi ya nyumba ya mwezi huu hawezi kupanga maisha yake juu ya hiari ya namna hiyo.

Hatari nyingine imo kwenye haki. Nchini Kenya, kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 kinachukulia kwamba hakimiliki ya kazi iliyoagizwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pale pande mbili zilipokubaliana vinginevyo. Kwa hiyo aliyekubali kazi ya bure kwa maneno ya mdomo anaweza kukosa malipo na, juu ya hayo, kupoteza haki juu ya picha zake, kisha akazikuta kwenye bango la biashara barabarani.

Wazoefu hutenga idadi ndogo ya kazi za bure kwa mwaka, na kazi yenye malipo ikigongana nazo, ya malipo hutangulia. Huandika pia ankara yenye bei kamili, kisha punguzo la bei yote, ili mteja ajue alichopewa na rafiki yake atajiwe bei halisi. Makubaliano nayo huandikwa, hata kwa ujumbe wa simu: idadi ya picha, siku ya kuzikabidhi, marekebisho mangapi, jina la mpiga picha litakaa wapi, hakimiliki inabaki kwa nani, na kwamba picha zikitumika kwenye tangazo la biashara zitalipiwa.